Tumbili Aliyenukia Udi

Juzi mwenzetu mmoja, kwenye kundi la simu la sisi tuliosoma pamoja skuli ya msingi, alituma kipande cha video cha kitoto cha tumbili. Kimevishwa fulana ya mtoto mchanga, kimekumbatia taulo, kinajiyumbisha mbele na nyuma kama mtoto wa chuoni anayehifadhi juzuu. Watu wakacheka mpaka kundi likajaa vicheko. Mmoja akaandika kwamba anamtaka huyo huyo, akae naye sebuleni. Na mimi nikacheka, kisha nikaweka simu chini, nikajikuta nanusa kiganja changu. Nilikuwa natafuta udi. Nisomeni mpaka mwisho mtajua kwa nini mtu mzima, mke wa mtu, mwalimu wa hisabati, anakaa jikoni peke yake ananusa mkono.

Sisi kwetu Mkoani, kisiwani Pemba. Baba alikuwa mchukuzi bandarini, na mama yangu alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, mimba iliyomsumbua mpaka wakasema lazima alale Unguja hospitali hadi ajifungue. Haya nayajua leo. Wakati ule nilichoambiwa ni kwamba Mama kasafiri, basi. Watoto wa Kipemba wa umri wetu hatukuwa tukielezwa mambo, tulikuwa tukigawiwa. Kaka yangu alipelekwa kwa bibi, na mimi nikapelekwa kaskazini, upande wa Micheweni, kwa Bi Mize, dada yake baba. Shangazi huyo hakujaaliwa mtoto, na kwetu shangazi asiye na mtoto ana haki na watoto wa ndugu zake, wala hakuna anayeona ajabu. Aliyeona ajabu ni mimi tu, na mimi sikuulizwa.

Mama alinifungia nguo zangu ndani ya kanga yake. Si kanga ya sandukuni, ni ile ya kila siku, ya kupikia na kulalia. Nilipofika kwa shangazi nikazitoa nguo, nikabaki na kanga. Ilikuwa inanuka Mama mtupu: moshi wa kuni, mafuta ya nazi, kitunguu, na jasho lake la shingoni. Nikiivuta puani nilikuwa namwona kabisa amechutama jikoni. Nikasema hii haifuliwi, na nikasema kwa sauti ili watu wote wasikie.

Sasa mjue nilipelekwa nyumba gani. Bi Mize alikuwa fundi wa udi na singo, ule unga wa manukato anaosuguliwa bi harusi mwili mzima. Harusi zote za upande ule zilipita mikononi mwake. Akitwanga liwa na karafuu, akichambua asumini na langilangi, akipika udi kwenye sufuria lisilopikiwa kitu kingine, na kila alasiri anazunguka na chetezo anafukiza nyumba, nguo, mito, na mtu yeyote aliyekaa njiani. Ulikuwa unaijua nyumba yake kwa pua kabla hujaiona kwa macho. Mumewe, Faki, ambaye mimi nilimwita Baba Faki kwa heshima tu, alikuwa akisema hata mayai ya kuku wao yana ladha ya waridi, na akiulizwa kama analalamika anasema hapana, anatoa taarifa tu.

Baba Faki alikuwa na konde la muhogo na migomba nyuma ya nyumba, linapakana na kichaka, na maisha yake yalikuwa ni vita na tumbili. Alikuwa na debe bovu la kuwafukuzia, analigonga huku anawatukana ukoo wao mzima. Asubuhi moja aligonga kwa hasira kuliko desturi. Kundi likakimbilia kichakani kwa fujo, likaangusha kitoto kimoja chini ya mgomba, kimejikunja, kinalia kwa sauti nyembamba. Alisubiri kundi lirudi, halikurudi. Basi huyo bwana, ambaye kila siku anaapa kuwamaliza wote, alivua shati lake, akakifunika, akaja nacho nyumbani kifuani, kifua wazi.

Shangazi alikuwa anatwanga. Akauacha mchi ndani ya kinu.

"Umeshamshika kwa mikono?"

"Nimshike kwa nini, kwa miguu?"

"Basi umeshamharibu," akasema shangazi. "Mtoto wa tumbili akiguswa na watu, mama yake humnusa kwanza. Akimkuta na harufu ngeni, hamtaki tena."

Nilikuwa nimekaa kizingitini na kanga yangu mapajani. Maneno yale yaliniingia. Nikapiga hesabu, na hesabu nilianza kuziweza mapema. Mama kasafiri. Mama atarudi. Mama atanikumbatia, na akinikumbatia lazima atanusa. Na mimi nimewekwa katika nyumba yenye harufu ngeni kuliko nyumba zote za Pemba, nafukizwa kila alasiri kama mto wa harusi. Hakuna mtu aliyefikiria kunieleza kwamba mimi si tumbili.

Tangu siku ile nikawa na kazi moja duniani, kuitunza harufu ya Mama isinitoke. Sabuni ya shangazi sikuitaka, ilikuwa na waridi. Mafuta yake sikuyataka, yalikuwa na asumini. Chetezo kikitoka ndani, mimi natoka nje. Nikipelekwa kuoga naingia uani na ndoo, namwaga maji ukutani kwa kata, najipiga mapaja kwa kiganja chenye maji ili isikike kama mtu anaoga, kisha nalowesha nywele za mbele natoka. Na kwa kuwa nilihisi harufu inaniponyoka hata hivyo, nikaanza kuisaidia. Nilikuwa najikalisha upande wa moshi jikoni mpaka macho yanatoka machozi. Halafu naiba kipande cha kitunguu, najisugua shingoni.

Fikirini biashara ya shangazi yangu. Watu wanakuja kuagiza singo ya bi harusi, na mlangoni amekaa mtoto ananuka beberu na kachumbari. Mama mmoja wa harusi alisimama kizingitini, akaziba pua kwa mtandio, akauliza kwa adabu kama kuna panya kafia darini. Shangazi akanitazama, nikatazama juu darini, kama mtu anayemtafuta huyo panya.

Kile kitoto nacho kilikuwa na matatizo yake. Baba Faki alikifungia chupa ya maziwa kwa waya kwenye nguzo ya uani, akidhani kikishiba kitatulia. Kikanyonya, kisha kikaanza kulia tena, kinajiyumbisha, kinajinyonya kidole gumba mpaka kidole kikavimba. Siku ya pili kikaniona nimejifunika kanga ya Mama. Hakikuuliza. Kiliruka kutoka kwenye nguzo kikanidaka kifuani, kikaishika kanga kwa mikono yote na miguu yote, kikanyamaza kimya. Nilipiga ukelele, nikazunguka uani mara sijui ngapi, shangazi ananifuata, Baba Faki anamfuata shangazi, na kitoto kimeng'ang'ania kanga hakina habari. Tukivuta huku, kinavuta kule. Mwisho nilichoka nikakaa chini, na chenyewe kikasinzia juu ya tumbo langu.

Tangu hapo ikawa kanga moja, watu wawili. Kumbe alikuwa wa kike, na shangazi akamwita Mwali, kwa sababu alikaa kutwa kafunikwa gubigubi kama msichana aliyewekwa ndani kabla ya harusi. Njaa ikimshika alikuwa akiiburura kanga mpaka kwenye nguzo, ananyonya chupa huku mguu mmoja bado umeshika pindo, akimaliza tu anarudi kujifunika. Siku hizi nasikia kuna watu wanasomea chuo kikuu jinsi mtoto wa tumbili anavyokuwa akitengwa na mama yake. Sisi tulisoma bure, tena kwa vitendo, na kovu la kucha zake mkononi ndilo cheti changu.

Lakini shida yangu ikazidi. Nilipoinusa kanga niligundua sasa ni nusu Mama nusu tumbili, na pembeni, kwa kuwa Mwali hakukimbia chetezo kama mimi, kuna udi. Mwali yeye alipenda kufukizwa. Alikuwa akikaa mbele ya chetezo amefumba macho, shangazi anamzungushia moshi, anamwimbia. Nilimwonea huruma kwa ujinga wake. Nikawa namwambia sikioni kwamba anajiharibia, kwamba mama yake akija hatamtambua, na yeye ananichambua nywele akitafuta chawa. Kwa jinsi nilivyokuwa siogi, sidhani alitafuta bure.

Alasiri moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye shughuli zangu za moshi, nikamsikia shangazi anaongea na mumewe. Sauti yake ilikuwa kubwa siku zote, ukiwa barabarani unaisikia akiwa chumbani. Siku ile ilikuwa ndogo.

"Huyu mtoto hanitaki," alisema. "Nikimgusa anakwenda kujifuta. Nikimpa nguo niliyoifukiza anaitupa jaani. Mtoto wa mwituni kanikubali, wa damu yangu ananiona najisi."

Baba Faki alimwambia amwache, atazoea. Shangazi akasema miezi yote hii, atazoea lini, na kwamba alipoambiwa analetewa mtoto alikesha anashona mto. Kisha nikasikia mchi unaanza tena polepole.

Moyo uliniuma, nawaambia kweli. Mto ule nilikuwa naujua, una maua mekundu, na nilikuwa nauweka miguuni ili usiniambukize harufu. Kumbe nilikuwa nampenda shangazi. Alikuwa anacheka vizuri, anapika mkate wa kumimina wa ajabu, na akikusimulia hadithi anafanya sauti za wote. Nilitaka kutoka nyuma ya ukuta nimwambie sina ubaya naye, ni harufu tu. Lakini nikafikiri, nikimkumbatia leo, Mama akija kesho itakuwaje? Nikabaki palepale, moshi ukaniliza, na sehemu nyingine ya machozi haikuwa ya moshi.

Baadaye kundi la tumbili likarudi kondeni. Baba Faki safari hii hakugonga debe. Alisema mtoto ana kwao, tumrudishe. Shangazi akambeba Mwali mpaka ukingoni mwa kichaka, akamweka juu ya gogo la mfenesi pamoja na kanga yangu, maana bila kanga asingekaa, sote tukarudi nyuma tukajificha kwenye migomba. Kwa wengine ilikuwa habari ya tumbili. Kwangu ilikuwa ni kesi yangu inasomwa.

Tumbili mmoja wa kike akashuka mtini. Akaja karibu, akasimama, akanusa. Harufu ya udi ilikuwa inatufikia hata sisi kwenye migomba. Nikasema sasa anageuka, sasa anakwenda zake. Hakugeuka. Alikaa kitako kabisa chini ya gogo, akainua uso, akatoa sauti ndogo ya chini chini kooni, akanyoosha mkono. Na Mwali, huyo aliyelia mpaka kidole kikavimba, alimtazama yule mama kama aliyeona jini. Akapiga yowe, akajifunika kanga gubigubi, akajiyumbisha, kisha akaruka na kanga yake mbio mpaka miguuni kwa shangazi, akapanda, akajificha ndani ya ushungi. Yule mama akabaki amekaa pale na mkono wake.

Nilichoka. Mimi nilijiandaa kwa mama anayemkataa mtoto. Hili la mtoto kumkataa mama hakuna aliyenitajia.

Siku hazikuwa nyingi, baba akaja, na nyuma yake Mama. Amekonda, amevaa baibui jipya, ana furushi mkononi, na furushi linalia. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Akampa shangazi lile furushi, akafungua mikono, akaniita. Nikaenda hatua chache, nikasimama, nikanusa.

Hakuwa ananuka Mama. Hakuna moshi, hakuna nazi, hakuna kitunguu. Ananuka dawa ya hospitali na maziwa. Uso ni wake, sauti ni yake, lakini harufu ni ya mtu nisiyemjua. Nikarudi nyuma kinyumenyume mpaka nikagota kwa shangazi, nikamkamata kanga kwa mikono miwili, nikajificha nyuma yake. Mwali naye, kwa kuona watu wageni, alikuwa kashajificha upande wa pili. Shangazi akasimama katikati na kichanga mkononi, mtoto huku, tumbili kule, hawezi kutikisika.

Mama alisogea. Akachutama mbele yangu, akaniinamia shingoni. Nikafumba macho, nikajua ndiyo sasa.

"Hee," akasema. "Wifi, huyu mtoto mbona ananuka hivi? Huku hamna maji?"

Shangazi mdomo ulikuwa unamcheza. Mimi nikaona basi, nimeshanuswa, hukumu imetoka, nikaangua kilio cha kusikika mpaka konde la jirani. Mama akaninyanyua juujuu, akanipeleka uani, akanimwagia maji, na safari hii maji yalinipata kweli. Ndani ya povu la waridi nikamwuliza kama atanitupa. Akauliza nani kasema. Nikayatoa yote, tumbili, mama wa tumbili, harufu ngeni, kitunguu, moshi, kata ya maji ukutani. Nilipofika kwenye kitunguu Mama alikaa chini kwenye sakafu yenye maji na baibui lake jipya, anacheka hana sauti, akamwita shangazi aje asikie.

Shangazi akaja, kichanga begani. Nikasimulia tena. Yeye hakucheka mara moja.

"Kwa hiyo ulikuwa hunichukii?" akaniuliza.

Nikamwambia nilikuwa nachukia udi tu, na wenyewe si kwamba nauchukia, unanukia vizuri, lakini Mama asingenijua.

"Mimi nilikuzaa umejaa damu na uchafu mwili mzima, nikakupokea nikakubusu," Mama akasema. "Leo nikukatae kwa udi?"

Hapo ndipo shangazi alipocheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuisha cheko lilipoisha. Akampa baba kichanga, akaingia ndani, akatoka na bakuli la singo ya bi harusi wa watu. Wakanisinga wote wawili, mmoja mkono huu mmoja mkono ule, wanagombana nani amenisugua vibaya. Harufu niliyoichunga miezi yote ilikwenda na maji kwenye mfereji wa uani, na Mama akabaki. Kisha shangazi akaleta chetezo. Nikasimama mbele yake nimefumba macho, kama Mwali.

Tulipoondoka nilimwachia Mwali kanga ya Mama, maana mimi nilikuwa na mwenyewe. Shangazi alikuja kutuambia kwamba miezi iliyofuata Mwali alianza kucheza na watoto wa kundi pale ukingoni, kwanza akiwa ameshika pindo la kanga, kisha kanga ikawa inasubiri kwenye gogo, kisha siku moja hakurudi kuichukua. Baba Faki alirejea kwenye vita vyake na debe. Ila alikuwa akisema kundi lake ndilo pekee kisiwani linaloiba muhogo huku linanukia.

Arubaini ya kuzaliwa mdogo wangu ilipofika, shangazi alikuja Mkoani kwenye shughuli. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo alikuwa amelalamika kwenye simu ya baba kwamba kanga yake moja ya kila siku imepotea kambani, na kwamba Mwali, huyo asiye na haya, ndiye aliyeiiba, nani mwingine. Akaingia chumbani kwetu kuweka mkoba wake. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwona anauinua ule mto wa maua mekundu alionishonea, niliokuja nao, kitandani kwangu, na chini ya mto akaikuta kanga yake. Imekunjamana, imetiwa fundo pembeni, rangi imeanza kuwa nyeusi. Akaitazama, akainusa, akakaa kitandani.

Mama alikuwa anapita na kapu la nguo za kufua. Aliponyoosha mkono aichukue, shangazi aliishika kwa nguvu, na sauti yake ikawa ndogo kama siku ile ya jikoni.

"Wifi," akasema, "hii usiifue."